Mkono Unaosoma Chini ya Ufizi

Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba ambao mwenye kinywa hauoni maisha yake yote. Kwa mtu mwenye fizi nzima, kina chake ni milimita 1 hadi 3. Kikifika 4 na kuzidi, na damu ikatoka unapoguswa, wataalamu huuita mfuko. Upande mmoja wa mfuko ni mzizi wa jino uliogandwa na ugaga mgumu, na juu ya ugaga huo umetanda utando wa bakteria walio hai. Upande wa pili ni nyama iliyovimba, nyekundu, inayochuruzika damu kwa kuguswa tu. Anayetaka kuusafisha mfuko huo haoni ndani yake. Ufizi umefunika, mate yanajaa, damu inaficha. Kazi yote hufanywa kwa ncha za vidole, kupitia chuma chenye makali yasiyozidi sana upana wa milimita moja.

Nimeitazama kazi hii kwa karibu huku Mukumu, kwa ruhusa ya anayeifanya na ya wagonjwa wake. Wanaosafiri kati ya Kisumu na Kakamega wanaijua Mukumu kwa misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1906, kwa shule ya wasichana ya Moyo Mtakatifu, na kwa hospitali ya Mtakatifu Elizabeth. Chumba ninachokizungumzia hakina umaarufu wowote. Kina kiti kimoja, taa moja, sinki, na trei ya vyuma vilivyotoka kwenye mtungi wa kuchemshia. Anayefanya kazi humo ni afisa wa afya ya kinywa, kada inayofundishwa katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC. Wagonjwa humwita daktari, naye huwajibu kwa salamu ya mulembe na kuwauliza habari za shamba kabla hajauliza habari za meno.

Wengi huja wakitaka jino ling'olewe. Ndivyo watu wetu walivyozoea: chumba cha meno ni mahali pa kung'oa, nako huendwa maumivu yakishashinda dawa zote za dukani. Lakini ugonjwa wa fizi hauna tabia ya kuuma. Hula taratibu, miaka kumi, miaka ishirini, na mtu anaposhtuka jino linacheza, mfupa ulioshika mzizi umekwisha kuliwa nusu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliochapishwa Kenya mwaka 2015, takriban watu wazima wote waliochunguzwa walikutwa na fizi zinazotoka damu. Kwa hiyo anayeketi kwenye kiti kile ni yeyote kati yetu.

Siku niliyoielewa vizuri kazi hii, aliyeketi alikuwa mama wa makamo anayeuza mboga soko la Khayega. Alieleza kwamba fizi za upande wa kulia zinatoka damu akipiga mswaki, na kwa sababu hiyo ameacha kupiga mswaki upande huo ili zipone.

“Mama, hapo umepaacha peke yake,” afisa alimwambia kwa upole. “Damu inaita mswaki, nawe umeuondoa.”

Kisha akachukua kipimo. Ni kijiti chembamba cha chuma chenye ncha ya mviringo ya nusu milimita na ukanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Hukiingiza kwa uzito wa gramu 20 hivi, uzito ambao ukiuweka chini ya ukucha wa kidole gumba husikii maumivu. Ukikandamiza zaidi, ncha hupenya nyama na kukudanganya kuhusu kina. Ukilegeza, inakwama kwenye ugaga na kukudanganya upande wa pili. Hakichomi na kukichomoa. Hukitembeza, hatua fupifupi, kuzunguka jino, na kwenye kila jino husoma sehemu sita. Kinywa chenye meno 28 kina namba 168. Alizitaja bila kuinua macho, msaidizi akiandika: tatu, mbili, tatu, tatu, tatu, tano, damu. Alipofika kwenye magego ya chini kulia, namba zikabadilika. Tano, sita, damu. Sita, nne, saba, damu.

Hapa ndipo heshima yangu kwa kazi hii ilipoanza kukua, kabla hata ugaga haujaguswa. Kutofautisha milimita 4 na 5 gizani, katika kinywa kinachopumua na kumeza mate, kwa mkono usiokaza wala kulegea, namba baada ya namba, ni jambo la kufundishwa na kurudiwa mpaka vidole vikomae.

Baada ya ganzi alichukua kureti, chuma chenye makali cha kukwangulia mzizi. Seti ya vyuma hivi inayotumika zaidi duniani ina jina la Clayton Gracey, daktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeibuni kwa kushirikiana na watengenezaji wa vyuma wa Chicago katika karne iliyopita. Alitaka kila uso wa kila jino uwe na chuma chake. Namba 11 na 12 huingia upande wa mbele wa magego, 13 na 14 upande wa nyuma, namba ndogo ni za meno ya mbele. Kila kimoja kimepindwa kwa namna yake ili shingo yake ikwepe shavu na ulimi, na makali yawe upande mmoja tu, yameinama nyuzi 70 hivi. Mgeni akiangalia trei huviona vyote ni vilevile. Yeye huvichukua kama mtu anayejua watoto wake kwa sauti.

Kureti huingia mfukoni ikiwa imelala, uso wake umeugusa mzizi, isije ikakwaruza nyama. Inashuka mpaka chini kabisa, mpaka pale panapojibu kwa ulaini. Hapo huigeuza kidogo, makali yakalishika jino, na kuivuta juu kwa mvuto mfupi wa milimita mbili tatu. Kidole cha pete kinakaa imara juu ya jino la jirani. Nguvu haitoki vidoleni, inatoka kwenye kifundo na mkono wa mbele unaozunguka juu ya nguzo hiyo. Mvuto mmoja hukatika kwa mlio mdogo wa kuparuza, na kipande cheusi kijani cha ugaga hutokea ukingoni mwa ufizi. Hukifuta kwenye pamba. Kisha mvuto mwingine unaopanda juu ya ule wa kwanza, na mwingine, kuzunguka mzizi mzima bila kuacha mstari usioguswa.

Katikati ya mivuto hubadilisha chuma. Huchukua kijiti chembamba kuliko vyote, chenye ncha kama unywele, na kukishika kwa ulegevu ambao nilidhani kitamponyoka. Ulegevu huo ndio siri yake. Mkono uliokaza hausikii kitu; mkono uliolegea hupokea mtetemo wa kila kichangarawe. Hukipitisha mzizini huku akiangalia ukutani, na uso wake unatulia kabisa. Karibu na hapa, Ilesi, kando ya barabara hiyohiyo ya Kakamega, akina mama hufinyanga vyungu kwa mikono. Mkono mmoja uko nje unaonekana, mwingine umezama ndani ya chungu, na ule uliozama ndio unaoamua wapi ukuta umekuwa mnene na wapi umekuwa mwembamba mno. Nilipomwona akisikiliza mzizi kwa kijiti kile, niliwakumbuka wao.

Nilimwuliza huwa anasikia nini. Akasema ugaga mpya hukwaruza kama chembe za mchanga, wa zamani ni kidaraja kinachoruka, na mzizi uliosafika ni mteremko mtupu. Lakini aliongeza kwamba kuna utelezi wa uongo. Chuma butu hakikati ugaga, huupaka msasa. Hupita juu yake na kuusawazisha mpaka vidole vinadhani mzizi umesafika, kumbe ugaga uko palepale, mwembamba, umejificha. Ndiyo maana hunoa kila mara. Huinua kureti kwenye taa na kuigeuza: makali butu huakisi mwanga kama uzi mweupe, makali ya kweli hayana upana wa kuakisi chochote. Uzi huo ukionekana, anaweka tone la mafuta kwenye jiwe na kuanza upya.

Huko nyuma, wataalamu walifundishwa kukwangua mzizi mpaka uwe kama kioo, wakiamini sumu ya bakteria imepenya ndani ya gamba la mzizi. Mwaka 1986, watafiti wa London, Moore, Wilson na Kieser, walichukua meno yaliyong'olewa kwa ugonjwa wa fizi na kuyapima. Waligundua kwamba kuoshwa kwa maji tu kuliondoa asilimia 39 ya sumu hiyo, na mswaki kwa dakika moja ukaondoa karibu yote iliyobaki. Sumu ilikuwa juu juu. Tangu hapo mkono mzuri umejifunza kiasi: ondoa ugaga, vuruga utando, liache gamba la mzizi. Binafsi naona huo ndio ukomavu wa kazi hii. Kukwangua zaidi kungekuwa rahisi, na kungempendeza mgonjwa anayedhani maumivu ni alama ya bidii.

Sasa nije kwenye jambo lililonivuta tangu mwanzo. Je, mkono huu unajuaje kwamba umefaulu? Ufizi unaweza kufifia wekundu kwa siku chache na ugonjwa ukaendelea chini. Jibu moja limo ndani ya mate yenyewe, na asili yake ni mkia wa kiluwiluwi.

Mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapière, wakifanya kazi Boston, walijiuliza kiluwiluwi anapogeuka chura mkia wake huenda wapi. Mkia umejaa kolajeni, nyuzi ngumu zinazoshika ngozi, mifupa na fizi za viumbe wote wenye uti wa mgongo, nyuzi ambazo kwa joto la mwili hazikatwi na vimeng'enya vya kawaida vya kumeng'enya chakula. Wakaweka vipande vya mkia juu ya kolajeni na kuona eneo wazi likifunguka pembeni. Ndani ya tishu mlikuwa na kimeng'enya kinachoikata kolajeni mahali pamoja mahususi, robo kwa robo tatu, na baada ya mkato huo nyuzi nzima hulegea na kusambaratika. Wakakiita kolajenasi. Mwili wa binadamu una ndugu zake, na mmoja wao, anayefupishwa MMP-8, amehifadhiwa ndani ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa nutrofili.

Nutrofili ndio askari wa kwanza wa ufizi. Katika mfereji ule mwembamba hupita mchana na usiku, hata kwa mtu mwenye afya, wakitoka kwenye mishipa kwenda kupambana na bakteria. Utando ukiongezeka, nao huongezeka. Wakifika kwa wingi humwaga vimeng'enya vyao, na MMP-8 haichagui: inakata nyuzi za ufizi zilizokuwa zimelishika jino. Yaani sehemu kubwa ya ubomoaji hufanywa na jeshi letu wenyewe, na bakteria kazi yao ni kulichokoza bila kukoma. Hii inaeleza kitu kilichowasumbua wachunguzi. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walipochunguza watu wazima 1,131 wa wilaya ya Machakos na kuchapisha matokeo mwaka 1988, walikuta utando na ugaga karibu kwa kila mtu, lakini mifuko mirefu na upotevu mkubwa wa mshiko wa jino vilikuwa vimejikusanya kwa wachache. Miaka miwili kabla yake, Harald Löe na wenzake walikuwa wamechapisha habari za wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno: asilimia 8 waliharibika kwa kasi, 81 polepole, na 11 hawakuvuka hatua ya ufizi kuvimba. Uchafu ule ule, miili tofauti. Kuhesabu uchafu peke yake hakukuambii nani atapoteza meno. Inabidi uusikilize mwili unavyojibu.

Vimeng'enya ndiyo sauti ya jibu hilo. MMP-8 inaeleza kiasi cha nyuzi zinazokatwa. Kuna vingine ambavyo maabara zetu zinavijua kwa kazi tofauti kabisa. Damu ya mgonjwa wa homa ya manjano ikipelekwa maabara, karatasi ya majibu hurudi na AST, ALT na ALP, vipimo vya ini. AST iliingia hospitalini mwaka 1954, pale John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen wa New York walipoonyesha kwamba hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Sababu ni nyepesi: AST hukaa ndani ya chembe hai, na chembe ikipasuka inamwagika nje. Chembe ya moyo ikifa, AST hupanda kwenye damu. Chembe za ufizi zikifa, hupanda kwenye majimaji ya mfuko na kwenye mate. LDH, kimeng'enya kingine cha ndani ya chembe, hufuata njia ileile. ALP ina hadithi yake, kwa sababu hutoka kwa nutrofili na pia kwa chembe zinazojenga mfupa, hivyo kupanda kwake hudokeza kwamba mfupa ulio chini umeguswa.

Njia ya kuyapata majimaji hayo yenyewe ni ustadi wa aina yake. Jino hukaushwa, kizuizi cha pamba huwekwa kuzuia mate, kisha ukanda mwembamba wa karatasi hutiwa kwenye mlango wa mfuko kwa sekunde 30. Kinachonyonywa hakifiki hata tone. Ni chini ya mikrolita moja. Lakini kinatoka kwenye mfuko mmoja, wa jino moja, upande mmoja, na kinaweza kutofautisha mfuko unaoungua na jirani yake aliyetulia. Mate yanakusanywa kwa urahisi zaidi, mtu hutema kwenye kikombe, ila yanachanganya habari za meno yote.

Mwaka 2006, watafiti wa Kitivo cha Meno cha Belgrade wakiongozwa na Tatjana Todorović walipima vimeng'enya saba katika mate ya wagonjwa wa fizi kabla na baada ya matibabu: AST, ALT, ALP, LDH na wenzake. Vilikuwa juu kuliko vya watu wenye afya, na baada ya matibabu vilishuka kuelekea kiwango cha wenye afya. Nilipoisoma habari hiyo niliifikiria kutoka upande wa mkono. Mwenye kureti hakumpa mgonjwa dawa ya kuzuia kimeng'enya chochote. Alitoa ugaga na utando. Uchokozi ulipoondoka, nutrofili walipungua, chembe zikaacha kupasuka, nyuzi zikaacha kukatwa, na namba kwenye mashine ya maabara zikashuka zenyewe. Mivuto ile ya milimita mbili tatu, iliyofanywa gizani, ilisomeka kwenye mate.

Huko Helsinki, Timo Sorsa na wenzake wameifuata MMP-8 kwa miongo mingi mpaka wakapata kipimo cha kando ya kiti. Mgonjwa anasukutua, majimaji yanawekwa kwenye kifaa, na baada ya dakika tano mistari inaonekana. Kinafanya kazi kwa kanuni ileile ya kipimo cha haraka cha malaria ambacho kila zahanati ya Kakamega inakijua: kingamwili zimepakwa kwenye ukanda, zinakamata kile zilichotumwa kukamata. Kinachokamatwa hapa ni MMP-8 iliyoamshwa, ile inayokata kweli. Kwa mvutaji sigara macho peke yake hayatoshi, kwa sababu sigara hubana mishipa ya ufizi na kuficha damu. Ufizi wa mvutaji unaweza kuonekana umepauka na mtulivu huku chini mfupa unaliwa.

Chumba cha Mukumu hakina ukanda huo wa Helsinki. Kina kipimo chenye ukanda mweusi, na kipimo hicho mikononi mwa anayekijua kinasema mengi. Mwaka 1990 Niklaus Lang na wenzake wa Bern walionyesha kwamba mahali pasipotoka damu, ziara baada ya ziara, karibu kila mara hapaendelei kuharibika. Damu inaweza kukutisha bure, lakini ukavu ni habari ya kuaminika. Kwa hiyo afisa huyu, anapotaja “tatu, mbili, tatu” bila neno damu, anatoa hukumu ambayo ina uzito wa kisayansi, na naipenda kazi yake kwa sababu hiyo. Sikatai ukanda wa Helsinki. Ningependa kuuona ukifika huku, hasa kwa wenye kisukari, ambao fizi zao huharibika upesi na ambao, wakisafishwa vizuri, sukari yao ya miezi mitatu hushuka kidogo lakini kwa kupimika. Hata hivyo, ukanda ukifika utakuta mkono uliokwisha kujua mengi.

Muda wa kurudi nao una hesabu. Hampimi mgonjwa wiki inayofuata. Ufizi unahitaji wiki nne hadi sita kuanza kushikamana upya, na kipimo kikiingia mapema kinaichana kazi aliyoifanya. Katika muda huo mzigo unahamia kwa mwenye kinywa, na afisa hulisema hilo wazi. Harald Löe, akiwa Aarhus mwaka 1965, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walivimba fizi, na waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona kwa wiki moja hivi. Bakteria waliofukuzwa kwenye mfuko hurudi vivyo hivyo, ndani ya wiki chache, mswaki ukilala. Mama wa Khayega alioneshwa kwa kioo jinsi ya kuulaza mswaki kwa pembe kwenye ukingo wa ufizi, kutetemesha kidogo, na kutoikimbia damu ya siku za kwanza. Alishikishwa mswaki mwenyewe, akarudia mpaka mkono ukakubali.

Pia aliambiwa ukweli ambao wengi hawaambiwi, na ambao huzaa uvumi kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Ufizi uliovimba ukipona hunywea. Nafasi iliyokuwa imezibwa na uvimbe na ugaga itaonekana, maji baridi yatasisimua mizizi kwa muda. Hilo pengo halikuletwa na kureti. Lilikuwepo, limejaa mawe.

Aliporudi nilikuwepo. Kipimo kilizunguka tena, kwa mwendo uleule. Magego ya chini kulia, mahali palipokuwa na tano na sita, pakasomeka tatu na nne, na neno damu likatajwa mara chache. Hesabu za dunia nzima zinaelekea upande huohuo: katika muhtasari wa tafiti uliofanywa na Charles Cobb mwaka 1996, mifuko ya milimita 4 hadi 6 hupungua kwa wastani wa 1.29 baada ya usafishaji, na ya 7 na zaidi kwa 2.16. Sehemu ya upungufu huo ni ufizi ulionywea, sehemu ni ngozi nyembamba ya ufizi iliyojibana upya kwenye mzizi uliosafika. Mfupa uliopotea haurudi kwa njia hii, naye hakumwahidi.

Nyuma ya gego moja namba ilibaki saba kasoro kidogo, na damu ikaja upesi. Alirudi pale kwa kijiti chembamba, akakaa muda mrefu. Mwaka 1981 Stambaugh na wenzake walipima mikono ya wataalamu wenyewe na kukuta kwamba kureti husafisha kikamilifu hadi kina cha wastani wa milimita 3.73, kupita hapo kila nusu milimita ni ya kupigania, na 6.21 ndio ukomo waliouona. Na gego lina shida nyingine: mizizi yake huachana, na pale inapoachana kuna mlango. Robert Bower alipima milango hiyo mwaka 1979 na kukuta zaidi ya nusu ina upana wa milimita 0.75 au chini yake, wakati makali ya kureti mpya huanzia hapohapo kwenda juu. Chuma hakipiti. Alichokisikia kwa vidole ni mlango.

“Mama, hapa mkono wangu umefika,” alisema, akimwonesha kwenye kioo gego lenyewe. Kuna chuma cha kutetema kwa umeme, mara zaidi ya 25,000 kwa sekunde, chenye ncha nyembamba zaidi inayoweza kupenya pale kureti inaposhindwa; angekuwa nacho, angekijaribu palepale. Pakigoma, atamwandikia barua kwenda kwa daktari bingwa wa fizi, aufungue ufizi na kusafisha akiona. Mama akauliza kama jino litang'olewa. Afisa akamwambia jino halichezi, mfupa bado unalishika, na hakuna sababu ya kuling'oa leo. Akaandika namba zote kwenye kadi, ile saba kasoro akaizungushia duara, akampangia kurudi baada ya miezi mitatu, kisha akachukua kureti namba 13 na 14, akaigeuza kwenye taa, na kumwomba afungue kinywa tena.